Mchomo Kati ya Midundo

Nimekuwa kimya kidogo, na safari hii siji na habari za seva wala hifadhidata. Nataka tuzungumze muziki, lakini msikimbie, hesabu zipo na kompyuta ipo.

Sikiliza wimbo wowote wa house, uwe wa Chicago wa miaka ya 1980 au wa Afrika Kusini wa juzijuzi. Chini utasikia ngoma kubwa, ile maprodyuza wanaiita kiki, ikipiga dum, dum, dum, dum, mara nne kwa kila kipimo bila kuchoka. Sasa iache hiyo. Sikiliza kilicho katikati, pale mguu wako unapokuwa hewani kabla haujarudi sakafuni. Mara nyingi utakuta hapo sauti fupi ya noti tatu au nne zilizopigwa pamoja na kukatwa papo hapo: dum-CHA, dum-CHA. Wenyewe wanaiita stabu. Mimi kwenye faili zangu naiandika mchomo, maana ndivyo inavyofanya: inachoma, inatoka.

Ukipenda reggae (na nani aliyewahi kupanda matatu za Nairobi akasema haijui reggae?) basi unaijua sauti hii kwa jina jingine. Ni lile gita linalosema “chka” kati ya mdundo na mdundo, mtindo uliotoka Jamaika tangu enzi za ska, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wimbo wenyewe unaweza kuwa na besi ya kutikisa madirisha, lakini ukiliondoa gita hilo watu wanaanza kuangalia simu zao. Mdundo mkubwa ndio unaokuambia wakati umefika. Kile kidogo cha katikati ndicho kinachokuinua.

Kwa nini mwandika programu anashughulika na haya? Kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba ni mpiga kinanda wa Mombasa. Kwa miaka mingi alikuwa kwenye bendi ya watu watano iliyopiga katika hoteli moja ya pwani ya kusini, jina lake naliacha. Ngoma, besi, gita, kinanda, mwimbaji. Halafu hoteli ikaamua kwamba watu watano ni wengi, ikawaaga wote siku moja na kumweka kijana mmoja mwenye kompyuta. Mpiga gita wao alikwenda Muscat, sasa anaendesha gari huko. Mjomba alibaki na kinanda chake, na ada ya shule ya binti yake wa mwisho ikiwa bado miaka miwili.

Mwaka uliopita alipata mahali pengine, ukumbi wa harusi na sherehe ndogondogo upande wa Kisauni. Masharti yalikuwa hivi: aje peke yake, Jumamosi tatu za majaribio, watu wakicheza ataendelea, wasipocheza basi. Akanipigia simu. “Mwanangu,” akaniambia, “mkono wa kulia uko kwa sauti ya wimbo, wa kushoto uko kwa besi, mdomo unaimba. Nani atapiga la katikati?”

La katikati ndilo hilo, mchomo. Vinanda vya siku hizi vina midundo iliyotiwa kiwandani, unabonyeza kitufe unapata ngoma na gita la kuigiza, lakini Mjomba hawezi kuivumilia. Anasema inapigwa na mtu asiyewahi kualikwa harusini. Kwa hiyo akataka nimtengenezee mwenzake, ndani ya kompyuta. Mnaona jambo lilivyokaa vibaya? Kompyuta ndiyo iliyomla kazi, na mpwa wake anayekula kwa kompyuta ndiye anayeombwa dawa. Hakulisema hilo kwa mdomo. Mimi pia sikulisema.

Haya, tuingie kazini.

Kwanza mahali. Kipimo kimoja cha house kina midundo minne, na programu nyingi za muziki hukigawa hatua kumi na sita. Kwa sisi tunaohesabu kuanzia sifuri, kiki ziko kwenye hatua ya 0, 4, 8 na 12. Michomo ya katikati iko 2, 6, 10 na 14. Kwa lugha ya kazi yetu, hatua i inapata mchomo pale ambapo i % 4 == 2. Sharti moja tu, mtoto wa wiki ya kwanza chuoni anaweza kuliandika. Kwa kasi ya midundo 124 kwa dakika, kutoka kiki hadi kiki ni milisekunde 484, kwa hiyo mchomo unaangukia milisekunde 242 baada ya kila kiki. Hapo umemaliza mahali. Kama ingekuwa ni hivyo tu, tungelala mapema.

Pili sauti yenyewe. Mchomo ni kodi (si ile ya KRA, ni ile ya noti kadhaa zinazolia pamoja). Kodi inayopendwa sana kwa kazi hii ni ya noti nne yenye huzuni kidogo, kwa mfano A, C, E na G. Kwa hezi ni 220, karibu 262, karibu 330 na 392. Waanzilishi wa muziki huu kule Chicago na Detroit hawakuwa wote wamesomea kinanda, na vyombo vya wakati huo vilikuwa na njia ya mkato. Korg Polysix ya 1981, kwa mfano, iliweza kukumbuka kodi nzima, kisha ukaipiga kwa kidole kimoja. Baadaye mashine za sampuli kama Akai S900 ya 1986 zikafanya jambo hilohilo kwa namna nyingine: unarekodi kodi mara moja, halafu unaipandisha na kuishusha kama noti moja. Matokeo yake ni kwamba noti zote nne zinahama kwa umbali ule ule. Mwalimu wa piano atakukemea kwa hilo, lakini ndiyo ladha yenyewe ya house na techno. Sikiliza “Big Fun” ya Inner City ya 1988, kundi la Kevin Saunderson wa Detroit, utanielewa.

Mimi niliamua kuitengeneza sauti kwa Python kabla ya kugusa programu yoyote ya muziki, kwa sababu nikiona namba naelewa haraka kuliko nikizungusha vifundo. Sauti ya kuanzia ni wimbi la msumeno. Linaitwa hivyo kwa sababu ukilichora linapanda pole pole na kushuka ghafla, kama meno ya msumeno wa seremala. Ndani yake kuna noti ya msingi, na juu yake noti ya mara mbili yenye nusu ya nguvu, ya mara tatu yenye theluthi, ya mara nne yenye robo, hivyo hivyo mpaka juu. Utajiri huo wa noti za juu ndio unaoifanya iwe kali, na ukali huo ndio tutakaouchonga.

Hapa kuna mtego unaofaa kuujua hata kama hutengenezi muziki. Sauti ya kompyuta kwa kawaida huhifadhiwa kwa vipande 44,100 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho haiwezi kubeba kitu chochote kinachozidi hezi 22,050. Ukichora msumeno kwa njia rahisi, kwa kupanda na kuporomoka tu, zile noti za juu kabisa zinavuka mpaka, na zikivuka hazipotei, zinarudi zimepinduka. Noti ya hezi 23,000 itatokea kama 21,100, mahali ambapo haina uhusiano wowote na kodi yako. Zile zinazorudi chini zaidi sikio linazisikia kama uchafu, kama bati linalokwaruzwa mbali. Dawa niliyotumia ni ya polepole lakini ya uhakika: jumlisha noti moja moja na usimame kabla ya mpaka. Kwa A ya hezi 220 unaweza kuweka noti 100. Kwa G ya 392 unaishia 56. Kompyuta haichoki kujumlisha.

Kisha nikaongeza nakala ya pili ya kila noti, iliyopandishwa kidogo sana, na ya kwanza nikaishusha kidogo sana. Ukiigawa oktava vipande 1,200, nakala moja iko vipande saba juu na nyingine saba chini. A yangu sasa ni mbili, moja hezi 219.1 na nyingine 220.9. Zikilia pamoja kwa muda mrefu utasikia zinavyofukuzana, zinavimba na kusinyaa karibu mara mbili kwa sekunde. Lakini mchomo haukai sekunde, unakaa sehemu ya kumi tu. Maana yake kila mchomo unakuta ule mfukuzano mahali tofauti: mmoja unazaliwa umejaa, unaofuata umesinyaa kidogo. Ila hilo linatokea kwa sharti moja, kwamba mawimbi yaendelee kuzunguka kimya kimya hata wakati hakuna noti. Ukiyaanzisha upya kila noti inapopigwa, michomo yote itakuwa mapacha, na sikio linachoka na mapacha haraka sana. Katika programu nyingi za sintesaiza hiki ni kitufe kimoja kidogo pembeni ambacho watu hawakigusi. Kitafuteni.

Halafu chujio. Msumeno mtupu unakereketa, kwa hiyo unaupitisha kwenye chujio linaloziacha noti za chini na kuzizuia za juu, na mlango wa chujio hilo unaufungua na kuufunga kila mchomo unapopigwa. Wangu unafunguka mpaka hezi 3,000 pale pale mwanzo na kushuka hadi 400 ndani ya milisekunde 120. Ndiyo maana sikio linasikia “cha” na si “aaa”. Ile “ch” ni mlango ukiwa wazi, ile “a” ni mlango ukijifunga.

Wako watu waliojenga jina lao lote juu ya mlango huo. Mjini Berlin, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Moritz von Oswald na Mark Ernestus walikuwa wakitoa santuri chini ya jina Basic Channel, kwa mfano “Phylyps Trak” ya 1993. Kodi moja, mlango wa chujio unafunguliwa polepole, na mwangwi nyuma yake unaokwenda na kurudi kama mawimbi ya bahari usiku. Walikuwa wapenzi wakubwa wa dub ya Jamaika, na inasikika. Yaani lile gita la “chka” lilisafiri kutoka Kingston mpaka Ujerumani likavaa nguo za sintesaiza. Mimi nikisikiliza santuri zile nikiwa naandika programu usiku, saa tatu zinapita sijui zimekwenda wapi.

Mwangwi wenyewe nao una hesabu yake tamu. Uweke urudi baada ya hatua tatu, yaani milisekunde 363 kwa kasi yetu. Mchomo uliopigwa hatua ya 2 unarudi 5, halafu 8, halafu 11, halafu 14. Angalia: 8 umekutana na kiki, 14 umekutana na mchomo mwingine, 5 na 11 umeanguka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Umepiga mara moja, na mashine imekujazia nafasi ambazo hukuzifikiria. Usizidishe tu, mwangwi ni kama pilipili ya kukaanga.

Basi, nikawa na mchomo wangu. Nikapanda treni, nikashuka Miritini, nikaenda kwa Mjomba na kompyuta mkobani. Shikamoo, marahaba, chai, viazi karai, na mwisho nikaunganisha spika. Akasikiliza dakika mbili akiwa amefumba macho. Akasema sauti ni nzuri, anaipenda. Kisha akasema: “Lakini huyu yuwapiga kama mtu yuwagonga mlango wa mdaiwa. Na hajui kukata. Hebu msikie huyu.”

Akatoa simu yake ya zamani na kunichezea video ya harusi moja, bendi nzima ikiwa jukwaani. Video mbaya, mikono inatetemeka, watoto wanapita mbele. Lakini gita la yule bwana wa Muscat lilisikika. Nikaiomba ile video, nikairudisha Nairobi.

Wasomaji wangu wa kudumu mnajua nikishikwa na kitu kama hiki silali. Niliitoa sauti kwenye video, nikaifungua kwa Audacity, nikachuja mara mbili: nakala moja ikabaki na sauti za chini tu ili nione kiki, nyingine ikabaki na za juu ili nione gita. Kisha kwa mkono, mdundo kwa mdundo, nikaandika kwenye jedwali: kiki hii iko wapi, inayofuata iko wapi, nusu ya njia ni wapi, na gita liko umbali gani kutoka kwenye hiyo nusu. Kazi ya kuchosha kama kupepeta mchele. Nilikwenda hivyo kwa nyimbo mbili nzima.

Yule bwana hakuwa akipiga kwenye nusu ya njia. Alikuwa akichelewa, mara nyingi kama milisekunde 15 hivi. (Mhandisi mwenzangu atauliza: je, si kwa sababu gita lilikuwa mbali na simu? Sauti huchukua karibu milisekunde tatu kwa kila mita, swali ni la haki. Lakini ngoma na gita vilitoka kwenye spika zilezile za ukumbi, kwa hiyo umbali ni mmoja.) Milisekunde 15 ni kitu kidogo sana, ni kama kusimama mita tano nyuma ya mahali ulipokuwa. Huwezi kusema “amechelewa”. Unasema tu kwamba hana haraka.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Kuchelewa kwake hakukuwa kwa bahati nasibu. Mimi, kama waandika programu wengi, nikitaka kitu kionekane cha kibinadamu naita kitendaji cha namba za nasibu na kwenda kunywa chai. Ukiangalia jedwali la yule bwana, mchomo mmoja ukichelewa kidogo zaidi, unaofuata nao unachelewa zaidi, halafu polepole anarudi, halafu anatangulia kidogo. Anapepea, harukiruki. Ukiweka nasibu tupu, kila mchomo unaamua peke yake bila kujua wa jirani amefanya nini, na unasikika kama mtu mlevi kuliko mtu mtulivu. Kwa hiyo nikaandika hivi: ucheleweshaji mpya ni 15, jumlisha sehemu saba za kumi za tofauti ya mchomo uliopita na 15, jumlisha nasibu ndogo. Mstari mmoja. Nikiuchora unafanana na jedwali kiasi kwamba nilicheka peke yangu.

Na la tatu, ambalo Mjomba alilijua bila jedwali, ni kukata. Sote tunaofundishwa na skrini tunashughulika na mahali noti inapoanza, kwa sababu hapo ndipo tunapobonyeza. Mpiga gita anashughulika na mahali inapokwisha. Anapiga kodi, halafu anainyanyua mikono au anaiziba kwa kiganja, na ukimya unaofuata ni wake, ameupiga kama alivyoipiga kodi. Katika ile video, wimbo ulipoanza na watu wamekaa, michomo yake ilikuwa mirefu, zaidi ya milisekunde 100. Bibi harusi aliposimama kucheza, ikafupika. Hakuongeza kasi, hakuongeza nguvu. Aliongeza nafasi tupu. Watu wakaijaza kwa miguu.

Hili nimelifikiria sana. Katika programu ya muziki, ukitaka sehemu ya wimbo ipande, mkono unakwenda wenyewe kwenye sauti: ongeza ngoma, ongeza kengele, ongeza mwangwi. Yule bwana alikuwa na gita moja tu, hakuwa na cha kuongeza, akapandisha kwa kupunguza. Nikaweka kifundo kimoja kwenye programu yangu, kutoka 0 hadi 127 kama desturi ya MIDI, na kifundo hicho hakigusi ukubwa wa sauti hata kidogo. Kinagusa urefu tu. Chini, milisekunde 120. Juu, 60. Nimekipa jina “kiganja”.

Baada ya hapo nilidhani nimtumie Mjomba faili za MP3 tuachane. Akanikatalia, na sababu yake haikuwa ya ufundi hata kidogo. Katika harusi za pwani watu hutuza. Mama fulani akiguswa na wimbo, ananyanyuka kwenye kiti chake, anakuja mbele akicheza polepole na noti mkononi, na dada zake wanamfuata. Wimbo haumalizwi mtu akiwa njiani anakuja kutuza! Mpiga muziki anarudia, anarudia, anamtaja jina, mpaka wa mwisho arudi kitini. MP3 ya dakika nne inamaliza dakika ya nne, awe mama yuko njiani asiwe njiani. Yule kijana wa hotelini na kompyuta yake, Mjomba akaniambia, huko hakuna wa kutuza, ni watalii. Hapa, tuzo ni nusu ya mshahara.

Kwa hiyo ikabidi programu ipige moja kwa moja, papo hapo, si kurekodi. Na kupiga moja kwa moja kuna adui mmoja, ucheleweshaji usioutaka. Kompyuta inatoa sauti kwa mafungu. Fungu la vipande 256 kwa kiwango cha 44,100 ni karibu milisekunde sita, linavumilika. Fungu la 1,024 ni milisekunde 23, na hapo zile 15 tulizozipepeta kama mchele zinapotea kwenye kelele, maana Mjomba akibonyeza besi anaisikia imechelewa na yeye mwenyewe anaanza kukimbia ili aikamate. Tukaweka Linux kwenye laptopu yangu ya zamani, fungu la 256, tukazima Wi-Fi na kila kisichohitajika. Spika yake ya Bluetooth tukaiweka kando. Ni spika nzuri kwa kusikiliza, lakini Bluetooth ya kawaida inaweza kuongeza milisekunde mia na zaidi. Waya wa shilingi mia tatu ukamaliza habari.

Jumamosi ya kwanza sikuwepo. Alinipigia usiku wa manane na kusema ilikwenda “hivi hivi”, na mimi nikalala vibaya. Ya pili nilikwenda. Nilikaa nyuma karibu na wapishi na kuangalia miguu, si nyuso, kwa sababu nyuso harusini hutabasamu tu hata kama muziki ni mbovu. Wimbo wa tatu akashika “Jerusalema”, ile ya Master KG na Nomcebo Zikode ya 2019, ambayo kila harusi lazima ipigwe. Akaanza na kiganja chini, michomo mirefu. Watoto wakaingia kwanza. Halafu nikamwona anakizungusha kile kifundo kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto bila kuacha besi (sijui alijizoeza lini), na ukumbi ukafunguka. Wakina mama wa meza ya mbele walisimama wote. Mmoja alikuja na noti ya mia tano ameikunja kama feni.

Mwenye ukumbi hakungoja Jumamosi ya tatu. Amempa mpaka mwezi wa Ramadhani, na baada ya hapo watazungumza tena. Si ajira ya kudumu, na pesa zake hazifiki zile za enzi za bendi. Ada ya muhula uliofuata ililipwa.

Kwa mnaopenda kusikiliza watu wa kwetu wanaochezea vyombo hivi, mtafuteni KMRU wa Nairobi. Jina lake ni Joseph Kamaru, ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru tuliyemjua kwa nyimbo za Kikuyu, aliyefariki 2018, na mbali na kazi zake mwenyewe amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake. Muziki wake ni wa taratibu sana, hauna kiki wala michomo, usitarajie kucheza.

Sasa hivi kazi iliyobaki ni kanyagio. Mjomba anataka akikanyaga, michomo inyamaze apate kumtaja mtu jina, akiachia irudi. Kanyagio la kawaida la kinanda hutuma ujumbe wa MIDI namba 64, na thamani yake ikiwa 63 au chini maana yake limeachiliwa, 64 au zaidi limekanyagwa. (Makanyagio ya kampuni nyingine yamepinduka, kwa hiyo nimeweka mstari wa kupindua.) Tulibishana kidogo hapo. Mimi niliiandika programu isubiri kipimo kiishe ndiyo inyamaze, kwa sababu ndivyo programu zote nzuri zinavyofanya. Yeye akasema akinyamazisha ananyamazisha, hata kama yuko katikati ya neno, kwa sababu mama akishafika mbele hasubiri kipimo. Tumekubaliana hivi: kunyamaza ni papo hapo, kurudi ni mwanzo wa kipimo kinachofuata. Jana amenitumia ujumbe kwamba kurudi nako kunachelewa, nijaribu nusu ya kipimo.